Springi imelala au shokapu imekufa? Kusoma dalili kwenye gari ya spoti ya zamani kabla hujanunua kitu

Naomba usome hii kabla hujaagiza springi mpya. Kila mara naona mtu ana gari ya spoti ya miaka mingi, ameitunza vizuri, siku ikianza kunesanesa na kugonga chini anasema "springi zimechoka zimekuwa laini", ananunua springi fupi ngumu, anazifunga juu ya shokapu zile zile za zamani alafu gari inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Inaniuma kweli, maana mara nyingi springi hazikuwa na kosa.

Shika hili kwanza. Springi inabeba uzito na kuweka kimo cha gari, basi. Shokapu inatuliza ile springi isiendelee kudunda, ndani kuna pistoni inasukuma oili kwenye matundu madogo na valvu, nguvu ya kudunda inageuka joto na kupotea. Kwahiyo jiulize, hili tatizo naliona gari ikiwa imesimama au mpaka itembee? Kama kimo kimebadilika ikiwa imesimama, anza na springi. Kama kimo kipo sawa ila mwendo hautulii, anza na shokapu. Kama ni kelele tu na gari inakaa barabarani vizuri, anza na bushi (raba za kwenye viungo), maunti (kishikio cha raba kinachofunga shokapu kwenye bodi) na boljointi (kiungo cha duara kinachogeuka). Kuna sehemu hii njia inapinda, nitazisema, ila hata hivyo itakuokoa na manunuzi mengi ya bure.

Na hili la springi kulainika tulimalize kabisa. Ugumu wa springi unatoka kwenye unene wa waya, upana wa mzunguko, idadi ya mizunguko inayofanya kazi na aina ya chuma, na hivyo vitu havibadiliki eti kwa sababu gari imetembea sana. Kinachotokea ni springi kulala, yaani inabaki fupi kidogo kuliko ilivyotoka kiwandani lakini ukiikandamiza ugumu wake ni ule ule. Labda kutu iwe imeila mpaka waya umepungua unene, hapo kweli inalainika, na springi iliyofika huko inakaribia kuvunjika kwahiyo usijadili, itoe.

Gari imekaa chini au imeinamia upande

Usipime kwa macho. Iweke sehemu iliyo tambarare kweli, weka upepo sawa matairi yote, toa mizigo kwenye buti, isukume mbele na nyuma mita mbili tatu ili magurudumu yakae yenyewe, bonyeza kila kona mara mbili tatu, alafu chukua futi upime kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda juu yake. Usipime kutoka ardhini, tairi lililoisha au la saizi tofauti litakudanganya. Andika namba nne, moja kila kona, na kama una kitabu cha gari linganisha na kimo cha kiwandani. Kushoto na kulia zikipishana milimita 5 kwenye gari ya zamani mi sihangaiki, fenda zenyewe zinaweza kuwa zimeshanyooshwa miaka iliyopita. Zikipita 10 hapo tafuta sababu.

Sasa hapa ndo watu wanapotea. Kona iliyo chini sio lazima ndo yenye springi mbovu. Bodi ni ngumu, springi ya nyuma kulia ikilala gari inaegea huko, na mbele nako kunainama ingawa springi za mbele ni nzima. Stebilaiza, kile chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia, nayo inaweza kuipindisha gari kama linki moja (fimbo fupi ya mwisho wake) ni fupi kuliko mwenzake au chuma chenyewe kimepinda. Kwahiyo fungua linki za stebilaiza, pima tena. Ikirudi sawa umeshampata mwizi wako. Ikibaki vile vile weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, weka jeki katikati kabisa ya chesi ya mbele, inua kidogo tu mpaka magurudumu ya mbele yaache ardhi, mtu yeyote asiingie chini, alafu pima nyuma. Hapo mbele kumeshikwa na nukta moja katikati, hakuwezi kuinamisha gari upande wowote, kuinama unakoona kunatoka nyuma peke yake. Kama nyuma kumenyooka basi mgonjwa yupo mbele. Ni dakika kumi tu.

Ukishajua ni ekseli gani, chungulia na tochi. Springi ikivunjika mara nyingi inavunjikia kwenye mzunguko wa chini, pale kwenye kikalio chake ambapo maji na matope yanakaa. Kipande kilichokatika kinaweza kubaki pale pale kimejificha na ukaona springi nzima, pitisha kidole au bisibisi mpaka mwisho wa waya, mwisho wa kiwandani ni laini na umepakwa rangi, uliovunjika una ukingo mkali wenye kutu. Ukikuta imevunjika gari isitembee tena, hiyo ncha inaweza kuhama na kuchana tairi. Ukikuta mwisho umekatwa bapa na umeungua rangi, ujue mwenye gari aliyekutangulia aliikata ili gari ikae chini. Na springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, sio laini, mizunguko imepungua. Inua gurudumu lining'inie, shika springi uitikise, ikicheza kwenye kikalio ni fupi kuliko inavyotakiwa na siku moja itahama mahali pake.

Sio kila gari ina springi za kuzunguka. Porsche 911 mpaka zile za mwaka 1989 za kabla ya modeli ya 964 zinabebwa na toshenibaa, chuma kirefu kinachojipinda ndani ya bomba, huoni springi popote. Nyuma ikikaa chini kwenye hizo usikimbilie kusema chuma kimelala, angalia kwanza raba za ule mkono bapa unaoshika toshenibaa, zikiisha mkono unashuka na gari inashuka nao. MGB nayo nyuma ina springi za mabamba, hizo zikilala unaona kwa macho, upinde umepotea zimekuwa kama rula au zimepindukia upande wa pili. Pia kagua bamba moja moja, moja likivunjika katikati ya wenzake ni rahisi kulikosa.

Inanesanesa, inaelea, haitulii baada ya tuta

Hii ndo dalili ya shokapu yenyewe. Unapita bonde kwenye lami kwa spidi, gari inashuka, inapanda, inashuka tena, inapanda tena, na tumbo linakwenda nayo. Gari nzima ya spoti inashuka na kupanda mara moja imetulia. Upepo wa pembeni unaiyumbisha, ukibadilisha leni inachelewa kukubali alafu inazidisha. Na ubaya wake ni kwamba shokapu inakufa pole pole, mwenye gari anazoea, mpaka siku akipanda gari nyingine ya aina hiyo hiyo ndo anashtuka. Mimi yamenikuta, nimeendesha gari zaidi ya mwaka naamini zile za zamani ndo zilivyo.

Watu wanapenda kipimo cha kubonyeza kona, unabonyeza kwa nguvu unaachia, ikidunda zaidi ya mara moja shokapu imekufa. Ikidunda hivyo kweli imekufa, sikatai. Ila isipodunda haina maana ni nzima! Gari ya spoti ina springi ngumu kuliko gari ya familia, huwezi kuizamisha vya kutosha kwa mikono, alafu bushi za zamani zimekauka zina msuguano mwingi, zinaishika gari utadhani shokapu inafanya kazi. Kipimo hiki kinakamata zilizokufa kabisa tu, zinazokaribia kufa zinapita.

Angalia mvujo. Ukungu mwembamba wa oili karibu na sili ya juu sio ugonjwa, rodi inatoka na oili kidogo kila inapopanda. Ugonjwa ni pale mwili wa shokapu umelowa mpaka chini na vumbi limeganda juu yake kama tope jeusi. Ila hakikisha haitoki kwingine, oili ya gia au ya breki inaweza kudondokea hapo. Ukiweza kuona rodi iangalie, ikiwa na vishimo vya kutu au mikwaruzo itakata sili hata ukibadilisha sili mpya. Na shokapu kavu nayo inaweza kuwa imekufa, valvu zimeisha ndani au gesi imetoka, kwahiyo usiipe hati safi kwa sababu tu haivuji.

Kipimo ninachokipenda ni cha joto. Endesha barabara mbovu kama dakika ishirini, simama, gusa kila shokapu kwa nyuma ya kiganja ukiwa mbali na ekzosi na diski za breki. Inayofanya kazi ina joto maana ndo kazi yake, kugeuza kudunda kuwa joto. Ukikuta moja ipo baridi wakati mwenzake wa ekseli hiyo hiyo ana joto, hiyo haifanyi kitu. Linganisha kushoto na kulia tu, usilinganishe mbele na nyuma, mazingira yake ni tofauti.

Ukitaka uhakika kabisa itoe. Isimamishe wima kama inavyokaa kwenye gari, ivute na kuisukuma mpaka mwisho mara tano sita kwanza, kwa sababu zile zenye mirija miwili zikilazwa hewa inaingia mahali pa oili na zitaonekana mbovu hata zikiwa mpya. Baada ya hapo sikiliza mkono. Ukinzani uwe sawa safari nzima, kuvuta huwa kugumu kuliko kusukuma na hiyo ni kawaida. Ukibadilisha mwelekeo ukakuta sehemu rodi inakwenda bure bila kushikwa alafu ndo inakamata, imeisha. Ya gesi ukiikandamiza na kuiachia inapanda yenyewe taratibu, isipopanda gesi haipo. Angalizo kubwa, kama gari yako ni ya strati, yaani shokapu na springi zimefungwa pamoja kama kitu kimoja, Datsun 240Z kwa mfano mbele na nyuma ni strati, ile nati ya juu ya rodi USIIFUNGUE kabla hujabana springi kwa kibano chake. Springi imekandamizwa mle ndani na ikifyatuka inaua mtu.

MGB za mbele zina shokapu ya mkono, kasha la oili lililofungwa kwenye chesi na mkono umetoka pembeni, na huo mkono ndo mkono wa juu wa gurudumu pia. Shokapu ikilegea pale kwenye shafti huharibu mpaka usukani. Hizo oili ikipungua unaongeza, lakini kama shafti inacheza kuongeza oili ni kujipa moyo tu, itavuja tena.

Nyuma inaruka pembeni kwenye kona yenye mashimo

Unaingia kona vizuri, katikati kuna viraka vya lami, nyuma inahama kidogo kidogo kwenda nje kama inapiga hatua. Bodi haineshi, ni gurudumu lenyewe linadunda. Bodi ya gari inanesa taratibu, mara moja au mbili kwa sekunde, gurudumu likikosa shokapu linadunda haraka, mara kumi na zaidi kwa sekunde, unasikia kama mtetemo. Balansi ya tairi mbovu nayo inatetemesha, ila hiyo inafuata spidi, inakuja hata kwenye lami laini kabisa. Ya shokapu inafuata mashimo, inakuja ukigonga kitu inapotea barabara ikinyooka. Hii usiivumilie, tairi lililo hewani halishiki barabara, na kwenye gari fupi yenye kusukuma magurudumu ya nyuma hapo ndo inapozunguka.

Breki zikishikwa inapiga magoti

Kupiga magoti kidogo ni kawaida. Tazama inavyopiga. Ikizama ghafla alafu pua ikadundadunda wakati bado unafunga breki, shokapu za mbele zimeisha. Ikivuta upande mmoja usiikimbilie shokapu, angalia kaliper (kifaa kinachobana pedi za breki) na bushi za mikono ya chini kwanza.

Inagonga "dung" kwenye kila shimo na inaendeshwa kama mkokoteni

Hii ndo inayowadanganya wengi, na ndo sehemu kanuni yangu ya mwanzo inapinda. Gari ikiwa ngumu na kugonga mtu anadhani shokapu ni nzima kupita kiasi. Kumbe safari ya gurudumu, yaani nafasi yake ya kupanda na kushuka, imeisha. Kwenye rodi ya shokapu kuna raba ya kugotea, nyingi ni za sponji ngumu, zikizeeka zinabomoka zinakuwa unga, ukifungua unakuta makombo tu. Bila hiyo raba chuma kinagonga chuma na shokapu inajiua kwa ndani. Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989 mpaka 1997, safari yake ya kwenda juu ni fupi na ile raba inaguswa mapema kwenye uendeshaji wa kawaida kabisa, inafanya kazi kama springi ya pili, kwahiyo ukiishusha gari na kuacha raba mbovu unakuwa unakaa juu ya raba muda wote. Na gari inayokaa juu ya raba haineshi, ni ngumu, mtu anajisifia imeshika barabara mpaka siku akutane na shimo kwenye kona.

Kujua ni rahisi. Safisha rodi ya shokapu, funga kile kikamba cha plastiki cha kubania nyaya kuzunguka rodi, kishushe mpaka kwenye mwili wa shokapu, endesha njia yako ya kila siku, rudi uangalie kimesukumwa mpaka wapi. Kikiwa kimegandamizwa kwenye raba baada ya safari ya kawaida, springi imelala, au imekatwa, au shokapu haizuii kitu. Vipimo vya kimo ulivyoandika vitakwambia ni ipi.

Sababu nyingine ya ugumu ni shokapu zinazozuia sana springi isirudi baada ya kubonyea, mara nyingi za mashindano au mtu kazikaza mpaka mwisho. Kwenye matuta madogo yanayofuatana springi inabonyea haipati muda wa kurudi, inabonyea tena, gari inashuka taratibu mpaka inakalia raba. Kama zako zina kirekebishio, legeza kwanza kabla hujatoa hukumu.

Kelele

Nitakwenda haraka. "Tak tak" kwenye vijiwe vidogo kwa spidi ndogo, mara nyingi ni linki za stebilaiza au nati ya shokapu imelegea, zifungue linki uzitikise kwa mkono. "Tiing" ukizungusha usukani gari imesimama ni maunti ya juu ya strati imekwama na springi inajipinda ikiruka, au springi imevunjika. Mlio kama wa mlango wa zamani unaoisha mvua ikinyesha, bushi kavu. Kishindo kimoja ukiachia breki au ukitoa gari, bushi za mikono au za ekseli.

Matairi yanasema

Pitisha kiganja kuzunguka tairi, sio kukatiza. Ukihisi mabonde na vilima, chini juu chini juu, gurudumu limekuwa likidunda, shokapu. Likiliwa ndani tu sawasawa kuzunguka lote ni alaimenti (magurudumu hayajakaa kwenye pembe zake), na gari iliyolala mara nyingi inalaza matairi kwa ndani, kwahiyo alaimenti mbovu inaweza kuwa mtoto wa springi iliyolala. Lakini tairi la zamani lililokauka linafanya gari iwe ngumu na iteleze hata ukiweka shokapu mpya, soma tarakimu nne za tarehe ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka.

Ukishajua, unafunga vipi

Badilisha zote mbili za ekseli moja, usiweke mpya moja na ya zamani moja. Weka raba mpya za kugotea na maunti mpya hapo hapo, kazi ya kufungua ni ile ile. Springi kama kimo kipo sawa na hazina kutu ya kula waya, zirudishe na moyo mweupe.

Alafu bolti za bushi. Bushi nyingi za raba zimegandishwa na chuma ndani na nje, hazizunguki, zinajipinda tu. Ukizikaza gari ikiwa hewani magurudumu yananing'inia, ukiishusha raba inabaki imejipinda muda wote, inaibeba gari juu na inachanika baada ya muda mfupi. Kaza kwa mkono kwanza, ishushe ikae kwenye magurudumu yake, isukume mbele na nyuma, ndo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Endesha siku chache springi zikae, pima tena zile kona nne, kisha ndo uende alaimenti. Kama imebaki juu kuliko kitabu kinavyosema usikate springi, rudi kwenye zile bolti, zilegeze gari ikiwa chini, idundishe kidogo, kaza upya na upime.